Bunduki za Ukutani na Bunduki za Mkononi

Kila nikikaa na nyinyi vijana, iwe arusini au pale mkahawani Al Khuwair binti yangu anaponiteremsha akienda kazini, hamniachi nimalize hata kikombe. Swali ni lile lile: "Ami, ni kweli karakana zetu zilitutupa sisi wenyeji zikawakimbilia wateja wa nje?" Wengine mnauliza kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyefunga mlango. Wengine mna maduka yenu kwenye simu, ya halua, ya udi, ya kofia za kushona, na mnatafuta mtu mzima wa kuwaambia kwamba si vibaya. Nimechoka kulijibu vipande vipande. Leo goti limenikataza kutoka, basi nakaa niliandike mara moja, kisha mniache na kahawa yangu.

Nianze na kazi yenyewe, maana wajukuu zangu wanadhani nilikuwa nauza silaha. Nilikuwa fundi wa bunduki kongwe. Sikutengeneza za vita, na risasi sikuuza hata moja. Nazungumzia zile bunduki za mababu, za risasi moja moja, zenye mkono wa chuma wa kuvuta kwa chini, ambazo nyumba nyingi za zamani hapa Oman zinayo moja, na karatasi yake ya polisi kwenye sanduku. Mtutu ulitoka Ulaya enzi hizo, lakini mbao ni zetu na fedha ni yetu. Mbao ikiliwa na mchwa tunachonga mpya. Pete za fedha zikikatika tunazungusha nyengine. Karakana yetu ilikuwa Wadi Kabir, baina ya fundi wa magari na muuza vioo, na AC yake ilitoa maji zaidi kuliko baridi.

Nilifika Maskati kutoka Unguja nikiwa kijana mwenye mkoba mmoja na randa ya marehemu baba, aliyekuwa seremala wa vitanda na makabati. Fundi mkuu pale karakana alikuwa Ami Seif, Muomani mzaliwa wa Tabora, mtu mrefu mwenye Kiswahili cha bara kisicho na sukari. Siku ya kwanza alinitazama viganja kabla ya kunitazama uso.

"Wewe wa Unguja, umewahi kuchonga nini?"

"Vitanda, Ami."

"Sawa. Bunduki nayo ni kitanda, ila anayelala ni chuma. Ukimtandikia vibaya halali. Chukua fagio."

Nikafagia miezi mitatu. Mwezi wa nne akanionyesha masizi. Hili liandikeni kama mna kalamu, maana sidhani kama kuna mtu atawafundisha tena. Unawasha kibatari, unaupitisha mtutu juu ya moshi mpaka ushike weusi mwepesi. Unaulaza kwenye mbao uliyoichimba, unaugonga kwa kiganja, unauinua. Palipobaki weusi ndipo panapogusa. Unakwangua hapo, hapo tu, unene wa karatasi, kisha unarudia. Unarudia mpaka mgongo uombe msamaha na weusi uenee sawasawa mbao nzima. Siku moja nilichoka nikakwangua kwa kukisia. Ami Seif alichukua mbao ile, kazi ya wiki mbili, akaitia kwenye jiko la chai.

Kosa langu kubwa la kwanza lilikuwa jingine. Mzee mmoja wa Bustan alileta bunduki ya baba yake. Kwenye kitako palikuwa na bonde dogo, laini, mahali ambapo marehemu alikuwa akiweka shavu lake miaka yote. Mimi nikaona uchakavu. Nikaupiga msasa, nikaujaza, nikapaka mafuta, kitako kikang'aa. Mzee alipokuja aliipokea, akapitisha mkono, akaurudisha, akaupitisha tena. Kisha akasema Mungu akulipe kheri, akaondoka. Nikageuka nimejaa furaha, nikamkuta Ami Seif ameinamisha kichwa.

"Amefurahi," nikasema.

"Amekushukuru kwa sababu ana adabu. Hukuona mkono wake ulivyokuwa unatafuta?"

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Nilidhani nimejifunza.

Sasa tuje kwenye swali lenu. Bunduki ya nyumbani ni ya kuchezwa. Mnaijua razha, wale kati yenu ambao bado mnakwenda arusi za vijijini badala ya zile za ukumbi: wanaume wamesimama safu, ngoma inapigwa, shairi linajibiwa, na mtu anatoka mbele anairusha bunduki juu, inazunguka hewani, anaidaka kwa mkono uleule. Bunduki hiyo ina uzani wake. Tulikuwa tukiipima kwa kidole cha shahada. Unaiweka juu ya kidole, upana wa vidole vinne mbele ya kifyatulio, na ikikaa hapo bila kuinama upande wowote, basi ukiirusha kitako kitarudi mkononi chenyewe. Gramu chache za fedha zikizidi mbele, inakuja na pua, ncha ya mtutu, mbele na inaweza kukuvunja kifundo cha mkono.

Bunduki ya ukutani haina masharti hayo. Inataka kumetameta. Unaifunika fedha kuanzia kitakoni mpaka mdomoni, unaitia vinyororo, na hata ikiwa nzito kama mlango, ukuta haulalamiki.

Za ukutani zilianza na mtu mmoja tu, tajiri wa nchi jirani aliyepita Wadi Kabir akitafuta kioo cha gari lake. Akaona moja tunaisafisha, akaitaka kwa ajili ya majlisi yake, sebule ya wageni. Mwenye karakana, Nasor, rika langu na mtu mwema, akamuuzia. Tajiri yule akaiweka picha kwenye simu yake, na kwa kweli siku ile ndipo maisha yetu yalipogeuka. Matajiri wenzake walianza kuja, halafu wakaacha kuja wakawa wanatuma ujumbe. Nasor akawa anazunguka mikoa ya Dakhiliya na Sharqiya kununua kongwe zilizolala, sisi tunazivisha fedha, zinapata karatasi zake za kutoka, zinakwenda.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Nasor alikuwa akisema huku akisugua mikono.

Tukapona kweli. Mtanitajia ile ya usiache mbachao kwa msala upitao. Naijua, na ninawaomba msinisomee mimi. Msala ule ndio uliosomesha watoto wangu watatu, na ndio ulionipa mlango wa chuma na tangi la maji. Karakana ya kuhudumia wenyeji peke yao ingefungwa mwaka uleule, na mimi ningekuwa naendesha teksi. Kwa hiyo anayewaambia kwamba wateja wa nje ni haramu, mwambieni aje aniambie mimi, nimpe hesabu ya tumbo.

Lakini hatukukaa kikao siku moja tukaamua kuwaacha watu wetu. Ingekuwa hivyo ningeweza kumlaumu mtu. Ilitokea kwa njia ya kahawa.

Sikilizeni. Mwenyeji akija karakana hawezi kuulizia bunduki yake mlangoni. Atakuwa amekutukana. Kwanza salamu, na salamu zetu mnazijua: u hali gani, watoto hali gani, mama hali gani, mguu wa mama, mitende imezaa, barabara ya kwenu imekwisha. Halafu tende. Halafu kahawa, kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka akitikise kuonyesha ametosheka. Halafu nani amefariki, na Mungu amrehemu. Anainuka. Anavaa makubadhi. Mkono uko kwenye kitasa ndipo anapogeuka, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo sana:

"Na ile amana yetu?"

"Karibu, inshaallah."

"Hapana haraka, hapana haraka." Keshatoka.

Mteja wa nje hana kahawa yako tumboni mwake. Anatuma ujumbe asubuhi, picha adhuhuri, sauti alasiri. Iko wapi? Imefika wapi? Mbona kimya? Na mtu ni mtu, wanangu. Mkono unakwenda kwenye kazi ya yule anayekusumbua, na yule mpole unamweka juu ya rafu, unamfunika kitambaa, unasema yeye si mtu wa matata. Nasor aliwahi kuniambia, "Wenyeji hawanunui, Abdalla." Nikamkubalia. Sikumwambia kwamba mwenyeji hakuwa amekuja kununua. Alikuwa nayo yake, ya babu yake, na alichotaka ni kutengenezewa.

Rafu ile ikajaa. Na mmoja wa waliokuwa kwenye rafu ile ni Hamed.

Hamed alikuwa dereva wa wizara moja kule Al Khuwair mpaka alipostaafu. Kwao ni Yiti, lakini alizaliwa Pemba, Chake Chake. Babu yake alipoondoka Yiti kwenda kutafuta maisha ya karafuu aliacha bunduki yake kwa nduguye na kusema atarudi kuichukua. Hakurudi. Aliyerudi ni mjukuu, mtu mzima tayari, Kiarabu chake kinajikwaa, binamu zake wakimwita Mzinjibari, mtu wa Zanzibar, mbele yake na nyuma yake. Mwaka mzima alikuwa akialikwa kama mgeni kwenye kijiji cha babu zake. Kisha mzee wa ukoo akamwita siku ya Idi mbele ya watu wote, akamkabidhi bunduki ile. "Ya babu yako. Ilikuwa inakungoja." Hamed alinisimulia mara ngapi sijui.

Aliileta kwetu mwanawe alipochumbia. Said, mtoto wake wa pekee. Mbao ilikuwa imeliwa ndani yote, ukiibonyeza inatoa unga. Arusi ilikuwa zaidi ya mwaka mbele.

"Abdalla, ndugu yangu," akaniambia, "baba wa bwana arusi husimama mbele ya safu. Toka nije mie nasimama nyuma, napiga makofi. Safari hii ntasimama mbele na bunduki ya babu, na ntairusha. Weye utanifahamu. Mie na weye tumekuja kwetu tukawa wageni."

"Utairusha na utaidaka," nikamwambia.

"Nshaanza mazoezi. Narusha mti wa ufagio. Mama Said kanifukuza ukumbini, nshavunja taa, sasa narusha uani na kuku wamehama."

Tulicheka sana siku ile.

Kwa kazi hiyo nilikuwa na gogo. Ami Seif, kabla macho hayajamshinda akaenda kukaa kwa wanawe, alikausha vipande vya mkunazi kwenye dari ya karakana, ncha zake amezipaka nta ili zisipasuke. Mkunazi unataka miaka. Kilibaki kipande kimoja kizuri, mishipa yake imenyooka mpaka shingoni mwa kitako, pale ambapo bunduki huvunjikia. Nikaandika juu yake kwa chaki: Yiti.

Miezi minne baadaye Nasor akaja na simu mkononi. Mteja wa nje, mkubwa, anataka tano kwa mpigo, na moja kati yake anataka mbao yake iwe ya mti wa Oman hasa, si mti wa jozi wa Pakistani kama zile nyengine. Nasor akatazama dari.

"Kile pale?"

"Kile kina mwenyewe."

"Nani?"

"Hamed wa Yiti."

"Hamed hana haraka. Arusi bado mbali. Tutampatia chengine."

Ningeweza kusema hapana. Nasor angenung'unika siku mbili, basi. Nisingefukuzwa, nisingelala njaa. Nilipanda ngazi, nikakiteremsha, nikafuta chaki kwa kidole gumba. Natamani ningeweza kuwaambia kwamba mkono ulitetemeka. Haukutetemeka. Nilikuwa nawaza mbao ile itapendeza namna gani chini ya fedha.

Nilijiambia nitamchongea Hamed jozi, mbao nzuri tu, kazi ya wiki tatu. Na wiki tatu huwa zipo, wanangu, ziko mbele daima. Hamed alikuwa akija kila Alkhamisi kutoka Yiti, ile njia ya milimani, na gari lake la zamani. Salamu. Tende. Vikombe vitatu. Kuku wamerudi, ufagio wa tatu umevunjika, sasa anarusha bomba. Anavaa makubadhi, mkono kitasani. Na ile amana yetu? Karibu, inshaallah. Hapana haraka. Wakati huo simu ya Nasor inalia mezani kama mtoto.

Alkhamisi ya mwisho alikuja akiwa amenyoa na ameshatia hina kidoleni kwa ajili ya sherehe. Arusi ilikuwa kesho. Hakuuliza chochote kwenye kahawa. Alipofika mlangoni akageuka, na safari hii hakutaja amana. Alinyoosha tu mikono yote miwili, kama mtu anayepokea mtoto.

Nikaenda kwenye rafu, nikafunua kitambaa. Mtutu, pete, mkono wa chuma, misumari ndani ya kikopo cha maziwa ya unga. Mbao hakuna.

"Nisamehe, Hamed," nikasema.

Akafunika kitambaa mwenyewe, taratibu, kama anavyofunikwa mgonjwa.

Nasor alitoka ofisini mbio. Moyo wake ulikuwa safi, hilo nashuhudia. Akachukua mojawapo ya zile tano, zilizokuwa bado zinangoja karatasi zake za kutoka, ile nzuri kuliko zote, imefunikwa fedha mpaka mdomoni, akaiweka mikononi mwa Hamed. "Chukua hii, kaka, usimame nayo. Zawadi ya arusi, utairudisha ukipenda." Na Hamed angefanya nini? Amekunywa kahawa ya mtu, amepewa kitu cha thamani mbele ya watu. Akasema Mungu akulipe kheri. Niliisikia kauli ile, na bado sikufungua mdomo wangu.

Nilikwenda Yiti siku ya pili. Nisingekwenda ingekuwa aibu juu ya aibu. Baada ya alasiri wakapanga safu mbele ya nyumba, ngoma zikaanza, Hamed akasimama mbele na jambia lake na kilemba kipya, bunduki ya Nasor begani inang'aa mpaka watoto wanajikinga macho. Binamu zake wakatoka mmoja mmoja, wakarusha za kwao, nyeusi, kongwe, zikazunguka zikarudi. Zamu ikamfikia. Akaiteremsha begani. Niliona kifundo chake kikiinama kwa uzito wa pua ile na nikajua, na yeye alijua, kwamba akiirusha itamwangukia yeye au itamwangukia mtu mwengine.

Hakuirusha. Aliishika tu mbele yake, ngoma inangoja.

Binamu yake mkubwa, mzee mwenye ndevu nyeupe, akasogea, akapitisha mkono juu ya fedha. "Hadhi mal man?" akauliza. Hii ya nani? Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa anaijua bunduki ya ukoo tangu utotoni, na hii haikuwa yenyewe.

"Ya dukani," Hamed akasema.

Mzee akatikisa kichwa kwa upole, akarudi kwenye nafasi yake, na ngoma ikaendelea. Hamed akairudisha begani, akasimama mashairi mawili. Kisha akatoka kwenye safu pole pole, akaiegemeza ukutani, akalichukua dele la kahawa kutoka kwa mtumishi, akaanza kuwamiminia wageni. Arusi ya mwanawe wa pekee. Akanifikia na mimi. Akanimiminia, akanisubiri ninywe, akanimiminia tena.

Sikuwahi kujichukia kama nilivyojichukia na kikombe kile mkononi.

Mbao niliipata wiki iliyofuata. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilikwenda kwa jamaa mmoja anayebomoa nyumba kongwe, nikamuuliza kama ana mkunazi, akanionyesha boriti ya dirisha iliyokaa ukutani umri wa baba yake, kavu kama mfupa. Asubuhi moja tu ya kutafuta. Ningetafuta mwanzo ningeipata mwanzo. Nikazima simu, nikamwambia Nasor wateja wa nje wangoje, na kwa mara ya kwanza wakangoja, na hakuna aliyekufa. Nilichonga miezi miwili. Masizi mpaka pua yangu ikawa nyeusi. Pete nikazichonga nyembamba, nikazipima moja moja kwenye mizani ya sonara. Nilipoiweka juu ya kidole ilikaa, haikuinama huku wala kule. Sijawahi kutengeneza bunduki nzuri kama ile, na najua sitatengeneza tena.

Nikaipeleka Yiti mwenyewe. Hamed alinipokea kwa bashasha, wallahi, kana kwamba hapakuwa na kitu. Salamu zote. Tende, halua, vikombe vitatu. Ndipo nikaifunua.

Alisimama, akatoka nayo uani, akairusha. Ikapanda, ikazunguka, kitako kikarudi ndani ya kiganja chake bila kishindo. Akabaki ameishika. Kuku walikuwa wanatutazama.

"Nzuri," akasema. "Nzuri sana, Abdalla. Mikono yako Mungu aiweke."

"Sasa unayo, Hamed. Idi ijayo..."

"Nshaiuza."

Nilidhani sikusikia.

"Said kaiweka picha kwenye simu yake, ile ya zamani, kabla haijaliwa. Yupo mtu wa Doha anaitaka kwa majlisi yake. Karatasi Said anazishughulikia. Nlikuwa nangoja weye umalize tu."

"Usiiuze, ndugu yangu. Bunduki ya babu yako!"

"Ntaifanyia nini?" Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo. "Mie nna mtoto mmoja, nshamuoza. Mbele ya safu husimama baba wa bwana arusi, na mie zamu yangu imeshapita."

"Utapata wajukuu."

"Wajukuu watamkuta babu yao mtu wa kumimina kahawa. Pale kijijini ndivyo wanavyonijua sasa, na si vibaya. Kahawa nayo kazi."

Nikashindwa kujizuia. "Mbona hukunigombeza, Hamed? Mwaka mzima unakuja. Ungepiga kelele siku moja tu, wallahi ningeiacha kazi ya mfalme nikafanya yako."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama nimemuuliza kwa nini hakuniibia.

"Nikugombeze na mie nimekaa kwako nanywa kahawa yako?"

Basi, vijana, jibu langu ndilo hilo. Uzeni nje, mle, msomeshe. Wateja wa nje hawakutuibia kitu. Ila mwenyeji hatakwambia kwamba umemuumiza. Atatikisa kikombe, atakuombea kheri, na siku moja utamkuta naye ameshakuwa muuzaji kwa watu wa nje, na utasema soko la nyumbani limekufa lenyewe. Nendeni kwenye rafu zenu mtazame nani amefunikwa kitambaa. Mimi sina zaidi ya hilo, na hata hilo lilinichelewea.

Hamed aliingia ndani akatoka na blanketi na kamba. "Nifungie weye," akasema, "safari ndefu, na hapana anayejua kuzifunga kama weye." Akaomba radhi kwamba kamba si nzuri. Nikakaa chini barazani, nikaifunga, kitako kwanza, halafu mtutu, na kila nilipofika kwenye fundo alikuwa akiinama kunishikia kwa kidole kamba isilegee. Machozi yalikuwa yananitiririka mpaka kwenye blanketi. Aliyaona. Akageuza uso kwa adabu, akasema kahawa imepoa, akaingia ndani kuipasha moto.